Namna ya Kuwafahamu Wanaotembelea Tovuti Yako kwa Kutumia Dodoso

Mwenye tovuti anayefungua ripoti ya Google Analytics huona idadi ya watumiaji, nchi walizotoka na aina ya vifaa wanavyotumia, na ni rahisi kuamini kwamba kwa hayo tayari anawajua wasomaji wake. Anachokiona ni hesabu ya vivinjari. Mtu anayeanza kusoma makala kwa simu akiwa kwenye daladala, kisha akaimalizia kwenye kompyuta ya ofisini, mara nyingi huhesabiwa kuwa watu wawili, na familia ya watu wanne inayotumia simu moja huhesabiwa kuwa mtu mmoja. Kivinjari cha Safari hufupisha maisha ya vidakuzi vingi vya kuhesabia (faili ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kifaa cha msomaji ili kumtambua akirudi) hadi siku saba, hivyo msomaji wa iPhone anayerudi kila baada ya wiki mbili anaweza kuonekana mgeni mpya kila anapoingia. Mahali nako hukisiwa kutokana na anwani ya intaneti (IP) ya kampuni ya simu, na kwa kuwa mawasiliano ya kampuni hizo hupitia mitambo iliyoko miji mikubwa, msomaji wa Kigoma anaweza kuandikwa kuwa yuko Dar es Salaam na wa Lodwar akaandikwa Nairobi. Umri na jinsia ndiyo dhaifu zaidi, kwa sababu Google hukisia mambo hayo kutokana na mienendo ya wale tu walioingia kwenye akaunti zao na kuruhusu matangazo yanayowalenga, na tena huyaficha pale watu wanapokuwa wachache.

Anayetaka kujua wasomaji wake ni wa umri gani, wanaishi wapi, wamesoma kiasi gani na wanafanya kazi gani hana budi kuwauliza. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo kwa tovuti ndogo au ya kati ya Kiswahili, yenye mtu mmoja au wawili wa kuisimamia na isiyo na fedha za kuajiri kampuni ya utafiti. Sehemu kubwa ya maelezo inahusu jambo ambalo miongozo mingi hulipita haraka, nalo ni wale ambao hawakujibu.

Amua kwanza utaitumia vipi taarifa

Kabla ya kuandika swali lolote, andika kwenye karatasi maamuzi ambayo matokeo yanaweza kuyabadilisha. Tovuti ya kilimo inaweza kutaka kujua kama wasomaji wake ni wakulima wenyewe, maafisa ugani au wanafunzi wa vyuo, kwa kuwa makala juu ya viwavijeshi vamizi huandikwa kwa namna tofauti kwa kila kundi. Tovuti ya habari inayotafuta wadhamini huhitaji umri, mahali na kazi. Swali lisilogusa uamuzi wowote liondolewe, hata kama jibu lake lingefurahisha kulijua. Dodoso la maswali manane hadi kumi kwenye simu hukamilishwa na wengi, ilhali la maswali thelathini huwaacha wale wenye muda mwingi na bando la kutosha, na hao hawafanani na wengine.

Kuandika maswali

Umri uulizwe kwa makundi ya kuchagua. Ukiacha nafasi tupu ya kujaza, mmoja ataandika 37, mwingine 1988, wa tatu ataandika “mtu mzima”, na utapoteza jioni nzima ukisafisha majibu. Makundi yasigongane: mtu mwenye miaka 25 anapokutana na “18–25” na “25–35” hajui aingie wapi, na kosa hili bado linaonekana hata kwenye fomu za taasisi kubwa. Mpangilio wa 18–24, 25–34, 35–44, 45–59, na 60 au zaidi unatosha kwa tovuti nyingi.

Elimu ndiyo huwasumbua zaidi wanaowahoji Watanzania na Wakenya kwa dodoso moja. Mtanzania hujieleza kwa darasa la saba, kidato cha nne, kidato cha sita, astashahada, stashahada na shahada. Mkenya aliyesoma katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, alimaliza shule ya msingi darasa la nane na sekondari kidato cha nne, kisha akaingia chuoni moja kwa moja, kwa hiyo chaguo la “kidato cha sita” halimhusu kabisa; linawahusu Wakenya wa kizazi kilichotangulia mfumo huo tu. Njia nyepesi ni kuuliza nchi kwanza, kisha kumwonyesha kila mtu orodha ya nchi yake, jambo ambalo programu za dodoso za Google Forms, KoboToolbox na LimeSurvey zote huliruhusu. Ukishindwa kufanya hivyo, tumia ngazi pana: msingi, sekondari, chuo kisicho cha shahada, shahada na zaidi.

Mahali pia paulizwe baada ya nchi. Tanzania ina mikoa 31 na Kenya ina kaunti 47, na msomaji hapaswi kupitishwa katika orodha ya majina 78 ili kulitafuta jina lake. Usisahau walio ughaibuni. Tovuti ya Kiswahili huwa na wasomaji Muscat, Dubai, London na Minnesota, na ukiwawekea chaguo moja tu la “nchi nyingine” utakuwa umewatupa katika kapu moja na Warundi, Wanyarwanda na Wakongo wanaokisoma Kiswahili wakiwa kwao. Tenganisha maswali mawili: unaishi nchi gani, na ulikulia nchi gani.

Kipato ni bora usikiulize moja kwa moja. Wengi huruka swali hilo, na wanaojibu hujibu kwa vipimo tofauti: mwenye mshahara hutaja wa mwezi, mwenye duka hutaja mauzo, mkulima hutaja mavuno ya msimu. Watafiti wa afya na demografia katika nchi zetu kwa muda mrefu wamekadiria hali ya uchumi ya kaya kwa kuangalia vitu vilivyomo, kama vile umeme, maji ya bomba, jokofu, televisheni, pikipiki au gari. Maswali mawili au matatu ya aina hiyo hujibiwa bila kusita. Kwa tovuti, swali moja linasaidia kuliko yote hayo: “Kwa kawaida unalipiaje intaneti unayotumia kusoma tovuti hii?” likiwa na machaguo ya bando la siku, bando la wiki, bando la mwezi, intaneti ya kazini au shuleni, na intaneti ya nyumbani. Jibu lake linakuonyesha uwezo wa msomaji, na pia linakuambia kama ukurasa wako wenye picha nzito unamgharimu.

Swali la muda linahitaji uangalifu wa pekee. Ukiuliza “Huwa unasoma saa ngapi?” na kuacha nafasi ya kujaza namba, anayeandika 2 anaweza kuwa anamaanisha saa mbili asubuhi, saa mbili usiku, au saa nane za mchana kama simu yake inavyozionyesha. Tumia alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, na kama unahitaji saa kamili, ziandike kwa maneno.

Kazi nayo iwe na chaguo la mtu mwenye shughuli zaidi ya moja, kwa kuwa mwalimu anayefuga kuku na kuendesha duka la M-Pesa si kiumbe adimu katika nchi zetu. Ruhusu achague zaidi ya moja, halafu umuulize ipi humpatia sehemu kubwa ya kipato.

Kila swali la mambo binafsi liwe na chaguo la “Sipendi kujibu”. Ukimlazimisha mtu, atadanganya au atafunga ukurasa, na ya kwanza ni mbaya zaidi kwa sababu hutaigundua.

Dodoso likishakuwa tayari, keti na watu watano wanaofanana na wasomaji wako, kila mmoja akiwa na simu yake, uwaombe wasome maswali kwa sauti na kusema wanachofikiri wanapojibu. Usiwaeleze chochote. Pale wanapokunja uso ndipo pa kurekebisha.

Nani atakutana na dodoso

Hapa ndipo tafiti nyingi za wasomaji wa tovuti huharibika, na mwenye tovuti huwa hana habari kwa sababu namba zinaonekana nadhifu.

Mwishoni mwa mwaka 2008, taasisi ya utafiti ya UNU-MERIT kwa kushirikiana na Wikimedia Foundation, inayoendesha Wikipedia, iliweka tangazo kwenye Wikipedia za lugha kadhaa likiwaalika watu kujibu dodoso kuhusu wao wenyewe. Zaidi ya watu 170,000 walijibu. Kutokana na utafiti huo ulimwengu ulitangaziwa kwamba wanawake hawafiki asilimia 13 ya waandishi wa Wikipedia, na namba hiyo ikanukuliwa kwa miaka. Mwaka 2013, watafiti Benjamin Mako Hill na Aaron Shaw walichapisha katika jarida la PLoS ONE uchambuzi mpya. Waliwalinganisha Wamarekani waliojibu dodoso lile la hiari na Wamarekani waliohojiwa na kituo cha utafiti cha Pew kwa sampuli ya nasibu, yaani watu waliochaguliwa kwa bahati bila wao kujitokeza, ambao nao walikuwa wameulizwa kama wanasoma Wikipedia. Ikaonekana kwamba dodoso la hiari liliwapunguza wanawake. Baada ya kusahihisha, makadirio ya wanawake miongoni mwa waandishi wote yalipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 16.1, na kwa watu wazima wa Marekani peke yao kutoka 17.8 hadi 22.7. Pengo la jinsia lilibaki kubwa, ila namba iliyozoeleka haikuwa sahihi, na majibu yale zaidi ya 170,000 hayakuweza kuizuia isikosee. Wingi wa majibu hauondoi upendeleo wa namna yalivyopatikana.

Kwa tovuti ya kawaida, upendeleo huo huingia kwa milango mitatu.

Wa kwanza ni mahali pa mwaliko. Ukiweka kiungo cha dodoso kwenye ukurasa wa Facebook wa tovuti au kundi la WhatsApp, utawapata wafuasi, yaani wale waliokwisha kukupenda. Anayefika kwa kutafuta Google, akasoma makala moja na kuondoka, hatakiona, na katika tovuti nyingi huyo ndiye mgeni wa kawaida. Mwaliko uwe ndani ya tovuti yenyewe, juu ya kurasa zote, na uonyeshwe kwa bahati nasibu: kwa mfano kwa mgeni mmoja kati ya kila wageni kumi, bila wewe kuchagua ni nani. Usiuweke kwenye ukurasa wa mwanzo pekee, maana wanaotoka Google huingilia kwenye makala. Hakikisha pia kwamba unafanya kazi kwenye kivinjari cha Opera Mini na kwenye simu za bei nafuu zenye kioo kidogo. Dirisha linalofunika makala nzima na kitufe cha kulifunga kikiwa nje ya kioo litakukosesha kundi zima la wasomaji, na hutapata ripoti yoyote ya kukuambia hivyo.

Mlango wa pili ni mara ambazo mtu huingia. Kulionyesha dodoso kwa muda mfupi ni kama kuhesabu wateja wa soko kwa kusimama mlangoni siku moja: wanaokuja kila siku utawaona wote, wanaokuja mara moja kwa mwezi utawaona wachache. Dawa yake ni swali moja ambalo halipaswi kukosekana kwenye dodoso lolote la tovuti, yaani “Kwa kawaida unaingia kwenye tovuti hii mara ngapi?” Jibu lake ndilo litakalokuwezesha kurekebisha hesabu, kama nitakavyoonyesha hapa chini.

Mlango wa tatu ni zawadi. Ukiahidi vocha ya muda wa maongezi kwa kila atakayejibu, kiungo kitasambazwa, na watakuja watu ambao hawajawahi kusoma hata aya moja ya tovuti yako. Dalili zake huonekana ukiangalia muda wa kuwasili: majibu mengi yanaingia mfululizo ndani ya nusu saa, kila moja limejazwa kwa chini ya dakika moja, na chaguo la kwanza limebofywa kuanzia juu hadi chini. Kama ni lazima kutoa zawadi, iwe droo ndogo inayotajwa mwishoni, baada ya mtu kumaliza kujibu. Kwa maoni yangu ni afadhali kuiacha kabisa na kueleza kwa sentensi moja kwamba majibu yatatumika kuboresha tovuti.

Kipindi cha kukusanya majibu kiwe angalau wiki mbili kamili, ili siku za kazi na za mapumziko ziwemo, na ikiwezekana kiguse mwisho wa mwezi. Epuka vipindi visivyo vya kawaida. Tovuti ya elimu ikiuliza mwezi Novemba itawapata watahiniwa wa kidato cha nne wa nchi zote mbili kwa wingi usiofanana na miezi mingine. Tovuti ya mapishi ikiuliza wakati wa Ramadhani itapata wasomaji wengi wa pwani kuliko kawaida. Ile ya lugha ikiuliza karibu na tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, itapata walimu na waandishi wa habari. Kama kipindi hakiepukiki, kitajwe katika ripoti.

Sheria na faragha

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wasomaji walioko Ulaya wanalindwa na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Mwenye tovuti hushangaa anapogundua kwamba sheria ya Kenya huhesabu kabila, imani, hali ya ndoa, maelezo ya mali na hata jinsia kuwa data nyeti. Swali lisilo na madhara kama “Nyumbani mnazungumza lugha gani?” linaweza kumtambulisha mtu kwa kabila lake. Suluhisho la tovuti ndogo ni kutokusanya kabisa chochote kinachomtambulisha mtu: usiombe jina, namba ya simu wala barua pepe, na zima chaguo la kuhifadhi anwani ya intaneti ikiwa programu unayotumia inalo. Google Forms ikiwekwa ipokee jibu moja kwa kila mtu humtaka msomaji aingie kwenye akaunti yake, jambo linalowafukuza wengi na kuwatia wasiwasi waliobaki, kwa hiyo liache wazi na udhibiti marudio kwa kidakuzi.

Anayekubali kuhojiwa zaidi apelekwe kwenye fomu ya pili iliyo peke yake, isiyounganishwa na majibu yake ya kwanza. Walio chini ya miaka 18 wachujwe kwa swali la mwanzo, kwa kuwa kukusanya taarifa za mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi.

Kuhesabu

Majibu 400 yaliyopatikana kwa nasibu hukupa kadirio lenye uwezekano wa kukosea kwa takriban pointi tano za asilimia juu au chini, na majibu 1,000 kwa takriban pointi tatu. Kanuni ya haraka ni kugawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya majibu. Kanuni hiyohiyo itumike kwa makundi madogo: kama kati ya 400 hao wanaoishi Zanzibar ni 40, makadirio yanayowahusu wao peke yao yanaweza kukosea kwa pointi 16, na hapo huwezi kusema chochote cha maana juu ya umri wao.

Sasa tuje kwenye marekebisho ya mara za kuingia. Tuseme dodoso lilikaa wiki moja tu na kujibiwa na watu 350. Kati yao, 300 wanaingia angalau mara moja kwa wiki, na wanawake ni 90. Waliobaki 50 huingia mara moja kwa mwezi, na wanawake ni 30. Ukijumlisha bila kufikiri, wanawake ni 120 kati ya 350, yaani asilimia 34. Lakini anayeingia mara moja kwa mwezi alikuwa na nafasi takriban moja kati ya nne ya kukutana na dodoso katika wiki hiyo, kwa hiyo kila mmoja wao anasimama badala ya watu wanne. Wale 50 wanakuwa 200, na wanawake wao 30 wanakuwa 120. Jumla mpya ni watu 500, wanawake wakiwa 210, sawa na asilimia 42. Hesabu hii hufanyika kwenye Excel kwa kuongeza safu moja ya uzito, yaani idadi ya watu ambao kila jibu linasimama badala yao, na tofauti ya pointi nane inatosha kubadilisha uamuzi wa mhariri.

Linganisha pia majibu na kile ambacho seva inakijua kwa uhakika. Kama kumbukumbu za seva zinaonyesha kwamba asilimia 85 ya kurasa hufunguliwa kwa simu, lakini waliojibu kwa simu ni asilimia 60 tu, watumiaji wa kompyuta wamezidi kwenye majibu na wanahitaji uzito mdogo. Usirekebishe kwa kutumia sensa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wanawake wakiwa asilimia 51, na karibu nusu ya watu wote walikuwa chini ya miaka 18. Hakuna sababu yoyote ya wasomaji wa tovuti kufanana na taifa zima. Sensa inafaa kwa kulinganisha tu, kwa mfano kuona ni mikoa ipi yenye watu wengi ambayo haijakufikia.

Kuandika matokeo

Ripoti ianze kwa kueleza namna majibu yalivyopatikana: tarehe za kuanza na kumaliza, kurasa ambazo mwaliko ulionyeshwa, ulionyeshwa mara ngapi, walioanza kujibu ni wangapi na waliomaliza ni wangapi. Maneno ya kila swali yanukuliwe kama yalivyokuwa. Andika “asilimia 42 ya waliojibu, baada ya marekebisho” badala ya “asilimia 42 ya wasomaji wetu”, na usitumie nukta za desimali kwa sampuli ya watu 400, maana “asilimia 41.87” inadai uhakika usiokuwepo. Kundi lenye watu wasiofika 30 litajwe kwa idadi, lisipewe asilimia. Mdhamini akiomba namba moja ya kuweka kwenye tangazo, mpe pamoja na kiasi inachoweza kukosea.

Majibu ghafi yahifadhiwe kwa muda uliowatajia wasomaji, kisha yafutwe, na maswali yaleyale yarudiwe mwaka unaofuata katika mwezi uleule bila kubadilisha maneno. Ukilazimika kubadilisha swali, anza mfululizo mpya wa swali hilo na usichore mstari mmoja unaounganisha miaka hiyo miwili.